Saa Ndani ya Mchezo: Raha na Kipimo Chake

Wazazi wengi hujiuliza: kwa nini mtoto anapenda mchezo wa video unaomharakisha kwa saa inayohesabu kurudi nyuma? Na kwa nini mtoto huyohuyo hukasirika akiambiwa azime? Maswali haya mawili yana uhusiano.

Tuchukue mfano wa Super Mario Bros., mchezo uliotolewa Japani mwaka 1985. Hatua ya kwanza huanza na hesabu ya 400. Hizo si sekunde kamili, maana huisha kabla ya dakika 3. Inapobaki chini ya 100, muziki huenda mbio. Ikifika sifuri, mchezaji hupoteza uhai mmoja. Akiwahi kumaliza, hesabu iliyobaki hugeuzwa kuwa alama.

Mwilini hutokea nini? Tezi zilizo juu ya figo hutoa adrenalini. Moyo hupiga haraka, viganja hutoka jasho, na mawazo yote huelekea mahali pamoja. Mwili hujiandaa kana kwamba kuna hatari ya kweli, ingawa mtoto ameketi salama sebuleni. Ndiyo maana kushinda katika sekunde za mwisho ni kutamu sana.

Lakini raha hiyo ina kipimo. Mtaalamu wa saikolojia Mihaly Csikszentmihalyi alieleza kwamba mtu hufurahia jambo pale ugumu wake unapolingana na uwezo wake. Muda ukizidi, mchezo unachosha. Ukiwa mfupi mno, huleta wasiwasi na hasira. Alieleza pia kwamba mtu aliyezama katika jambo la namna hiyo husahau saa ya ukutani. Kwa hiyo mtoto anaposema "bado kidogo tu" baada ya saa nzima, si lazima awe mkaidi. Huenda kweli hajui muda umekwenda.

Iko pia michezo ya simu inayotumia saa kwa njia nyingine. Katika Candy Crush Saga, iliyotoka mwaka 2012, mchezaji akimaliza nafasi zake 5 husubiri nusu saa kupata moja, au hulipa fedha. Hapo saa haimalizi mchezo, bali inamzidishia hamu ya kurudi.

Wazazi wafanye nini?

1. Patana na mtoto kabla hajaanza. Uliza raundi moja huchukua muda gani, kisha mhesabie raundi badala ya dakika tu.

2. Mtahadharishe mapema, dakika 10 kabla. Kuzima ghafla katikati ya raundi ni kama kumpokonya mtu sahani akiwa bado anakula.

3. Mtoto mdogo, au anayelia kila anaposhindwa, atafutiwe mchezo usio na saa au wenye muda mrefu zaidi.

4. Michezo ya kukimbizana na saa ikome mapema kabla ya kulala, ili mwili upate kutulia.

5. Kwa watoto wa miaka 2 hadi 4, Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa 1 kwa siku. Walio chini ya hapo wasiwekwe mbele ya skrini.

Usimwite mtoto mgonjwa kwa sababu ya jioni moja ya ubishi. Ni kweli, WHO imeuingiza ugonjwa wa michezo hii katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kutanguliza mchezo mbele ya shughuli nyingine za maisha, na kuendelea hata madhara yanapoonekana. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu miezi 12. Lakini ukiona mtoto anaacha kula, kulala au kusoma kwa sababu ya mchezo, usingoje mwaka uishe. Mpeleke kwa mganga wa zahanati iliyo karibu.

Mtengenezaji wa mchezo ameweka saa yake. Na nyumba nayo iwe na yake, inayojulikana na wote kabla mchezo haujaanza.