Mshubiri wa shamba au wa porini? Tazama ua kabla ya kuvuka mpaka

Sokoni, kila jani nene lenye miiba pembeni na utomvu mchungu huitwa alovera, na biashara huendelea. Mpakani jina hilo halitoshi. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini, unadai kibali kwa mishubiri ya kila aina isipokuwa mmoja tu, Aloe vera. Kibali hicho kinahusu hata majani na utomvu, si miche peke yake. Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zote ni wanachama, kwa hiyo anayevuka na gunia la mshubiri mwingine bila karatasi anaweza kulipoteza.

Utautambuaje? Wengi huanza na madoa meupe kwenye jani, na hapo ndipo wanapopotea. Aloe vera ikiwa changa huwa na madoa, na mishubiri kadhaa ya porini inayo pia. Ua ni shahidi bora. Aloe vera huchanua njano, vijiua vikining'inia pande zote za kikonyo kirefu. Majani yake ni ya kijani kinachoelekea kijivu, yamesimama, na machipukizi hujaa shinani.

Linganisha na Aloe secundiflora, unaoota kwa wingi katika nyika za Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Kikonyo chake hugawanyika matawi mengi, na vijiua vya waridi au vyekundu hujipanga upande mmoja tu wa tawi, kama ndege juu ya waya. Majani yake ni ya kijani kilichokolea, yanang'aa, na mara nyingi kila mche huota peke yake. Aloe lateritia nao hubaki na madoa hata ukikomaa, lakini maua yake ya rangi ya chungwa au nyekundu husongamana kileleni kama kofia.

Taabu ni kwamba mchuuzi huletewa majani yaliyokwisha kukatwa, au utomvu uliochemshwa ukawa bonge jeusi. Hapo jicho halisaidii kitu. Nchini Kenya, amri ya rais ya mwaka 1986 ilipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini, na kanuni za 2007 zikafungua biashara kwa masharti, chini ya usimamizi wa KWS. Kwa maoni yangu, mnunuzi afike shambani kwa muuzaji msimu wa maua, kabla ya kulipa, na aombe kuona leseni. Kibali cha CITES huombwa katika nchi mzigo unakotoka, kabla haujafika mpakani.