Manyoya ya Asiyeruka

Mwewe ndiye ndege mbuai anayefahamika zaidi na wakazi wa Tudor, mjini Mombasa. Huelea juu ya mikoko ya hori, huchupia utumbo wa samaki uliotupwa, mara nyingi humaliza kula angani, kisha hutua juu ya nguzo ya umeme kupumzika. Nguzo ndiyo humponza. Shorewanda hutua wayani asidhurike. Mwewe ana mabawa mapana, na akigusa nyaya mbili kwa pamoja, au waya na chuma kilichoungana na ardhi, umeme humpitia. Wengi hufa papo hapo. Anayenusurika huweza kuonekana mzima siku ya kwanza. Siku kadhaa baadaye ndipo ncha ya bawa hukauka na kuwa nyeusi kama mkaa.

Ndege wa namna hii ndio wanaobaki katika vituo vya kutibu ndege maisha yao yote. Mifupa ya ndege ni myepesi, mingi ina uwazi ndani. Ikivunjika katikati huweza kuunga vizuri, lakini ikivunjika karibu na kiungo bawa hukakamaa. Kozi aliyepofuka jicho moja hawezi tena kukadiria vizuri umbali wa windo. Bundi mwenye kilema hichohicho pengine ataweza, kwa kuwa huwinda pia kwa masikio. Wako pia wazima wa viungo ambao walichukuliwa kiotoni wakiwa makinda, wakalelewa na watu hadi wakaamini kwamba watu ndio jamaa zao. Bundi wa aina hii akiachiwa atamwendea mtu wa kwanza kumwona, na katika pwani ambako mlio wa bundi juu ya paa huhesabiwa kuwa habari ya msiba, atapokewa kwa mawe.

Nchini Kenya kazi ya kutunza ndege kama hawa inajulikana zaidi Naivasha na Soysambu, katika Bonde la Ufa, zaidi ya kilomita 500 kutoka Tudor. Vituo hivyo ni vya Kenya Bird of Prey Trust, na mtaalamu ambaye jina lake limeshikamana navyo ni Simon Thomsett, aliyeshughulika na ndege mbuai kwa miongo mingi. Mbinu zake nyingi zimetoka kwa watu waliowinda kwa kozi: glavu ya ngozi, kamba za miguuni, mizani ya kila siku. Uwindaji huo ndio uliofundisha tiba, jambo ambalo wapenzi wa wanyama hawapendi sana kukumbushwa.

Mbinu moja kati ya hizo inastahili kuelezwa kwa utulivu. Ndege hunyonyoka manyoya yake na kuotesha mapya, kidogo kidogo. Tai mkubwa huweza kuchukua zaidi ya mwaka kuyamaliza yote. Mtunzaji huokota kila unyoya wa bawa na mkia unaoanguka bandani mwa wasioruka, akauandika: wa ndege gani, bawa la kulia au la kushoto, wa ngapi kutoka nchani. Mwewe ana manyoya makubwa 10 ya ncha katika kila bawa, na wa saba haukai mahali pa wa sita.

Akiletwa mwewe aliyevunjika manyoya lakini mifupa yake ni mizima, sanduku la manyoya hayo ya akiba hufunguliwa. Ndege hulazwa usingizi au hufunikwa macho. Shina la unyoya uliovunjika hukatwa sentimita chache juu ya ngozi, bila maumivu, maana unyoya uliokomaa ni mfu kama ukucha. Unaoota bado una damu na haukatwi kamwe. Kijiti cha mwanzi huchongwa pembe tatu ili kisizunguke, nusu yake huingizwa ndani ya shina lililobaki na nusu ndani ya unyoya wa akiba, kwa tone la gundi. Kipande cha karatasi huwekwa chini, kwani gundi ikimwagikia unyoya wa jirani kazi imeharibika. Gundi ikikauka, ndege anaweza kuruka. Akinyonyoka tena, unyoya wa kuazima huanguka na wake mwenyewe huota. Bila hivyo angekaa bandani miezi mingi akingoja. Hospitali ya kozi ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa mwaka 1999, nayo huweka manyoya ya akiba kwa kazi hiyohiyo.

Basi asiyeruka huwarusha wengine. Wengine kati yao hulea pia: kinda yatima akiwekwa na mkubwa wa aina yake, hata awe na bawa moja, hujifunza kwamba yeye ni ndege.

Utunzaji wenyewe hauna mapambo. Aliyesimama siku nzima huota vidonda nyayoni, kwa hiyo vigogo vya kutulia huzungushiwa kamba na huwa vya unene tofauti. Ndege hupewa mawindo yakiwa na manyoya na mifupa yake, ili ndege atapike kidonge cha mabaki kama kawaida yake.

Swali zito ni nani abaki. Marekani, kanuni za vibali vya kutibu ndege wa porini hutaka ndege ambaye jeraha lake lingelazimu bawa likatwe kwenye kiwiko au juu zaidi auawe bila mateso, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, ukilinganisha hesabu za barabarani za miaka takriban 40, ulionyesha kwamba kati ya aina 22 za ndege mbuai zilizochunguzwa Kenya, 19 zimepungua. Kwa aina adimu, hata kilema mmoja anayeweza kulea ana thamani. Mwewe si adimu. Kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hafugwi bila kibali, na akitunzwa vizuri huweza kuishi zaidi ya miaka 20. Je, aliyeungua juu ya hori la Tudor asafirishwe kilomita 500 kwa ajili ya manyoya yake? Na upepo unapovuma bandani naye akafungua bawa zima na lile nusu, anaota jua, au ni jambo jingine?