WENGI WAPE, WACHACHE WASINYIMWE



Kila mwaka, kuanzia Desemba hadi Februari, uvuvi hufungwa Ziwa Mweru. Tuseme watu 100 wa Nchelenge wanakutana kuchagua hoja 3 za kupeleka serikalini: wavuvi 60, na akina mama wakaushaji wa dagaa 40. Kwa kunyoosha mikono tu, hoja zote 3 zitakuwa za wavuvi. Je, hiyo ni haki?

Mwaka 1895 mwanahisabati Thiele wa Denmark alionyesha njia: aliyekwisha kupata hoja moja, kura yake sasa ihesabiwe nusu. Duru ya kwanza wavuvi wanashinda. Ya pili wana 30, akina mama 40. Ya tatu, wavuvi 30, akina mama 20. Mbili kwa moja!

Ndugu, tujaribu mkutanoni kwetu.