Mwanga wa Jua na Mwanga wa Taa kwa Kinyonga na Kobe wa Darasani

Walimu wengi wa sayansi katika shule za msingi hupenda kuwa na pembe ya viumbe hai darasani. Jambo hilo lina msingi mzuri, kwa kuwa mtoto hujifunza zaidi kwa kukitazama kitu chenyewe kuliko kwa kusikia habari zake. Lakini kiumbe hai si sawa na jiwe au jani kavu. Kinyonga aliyetiwa katika chupa na kuwekwa dirishani, au kobe aliyefungiwa stoo, aweza kulishwa kila siku na bado akadhoofika mpaka afe mbele ya watoto. Mojawapo ya sababu kubwa ni mwanga. Makala hii yaeleza wanyama hao wahitaji mwanga gani, jinsi ya kuuchagua bila kuwadhuru, na jinsi mwalimu awezavyo kuufanya kuwa somo.

1. Mwanga usioonekana

Upinde wa mvua huishia katika rangi ya urujuani. Ng'ambo ya rangi hiyo kuna mwanga ambao macho yetu hayauoni, uitwao urujuanimno. Uligunduliwa na Johann Wilhelm Ritter huko Ujerumani mwaka 1801. Wataalamu huugawa katika mafungu matatu kwa urefu wa mawimbi yake. Fungu A ni la nanometa 400 hadi 315, fungu B ni 315 hadi 280, na fungu C ni chini ya 280. Fungu C la jua huzuiwa na angahewa, wala halitufikii.

Fungu B ndilo lenye kazi kubwa hapa. Likipiga ngozi, mwili huanza kutengeneza vitamini D. Bila vitamini hiyo, kalsiamu iliyomo katika chakula haisharabiwi ipasavyo, na mifupa huwa laini. Kwa mtoto ugonjwa huo huitwa matege. Mwaka 1919, daktari Kurt Huldschinsky wa Berlin alionyesha kwamba watoto wenye matege hupata nafuu wakimulikwa kwa taa ya urujuanimno. Kwa kinyonga na kobe dalili ni za namna hiyo hiyo: taya hulegea, miguu hupinda, na gamba la kobe huwa laini au huharibika umbo. Nyoka alaye panya wazima hupata vitamini D nyingi katika chakula chake, na kwa hiyo hategemei sana mwanga huo.

2. Mng'ao si kipimo

Hapa ndipo walimu wengi hukosea. Mahali penye mwangaza mwingi si lazima pawe na fungu B. Kioo cha kawaida cha dirisha hupitisha mwanga tuuonao, lakini huzuia karibu fungu B lote. Mnyama aliye nyuma ya kioo huonekana kama aliye juani, kumbe hapati kile anachokihitaji. Zaidi ya hayo, chupa au sanduku la kioo likipigwa na jua hupata joto kali kwa muda mfupi, na mnyama hana pa kukimbilia. Kwa hiyo kioo humnyima mwanga na humzidishia joto kwa wakati mmoja.

3. Vitabu vya ugenini na jua la Tanga

Vinyonga wa milima ya Usambara wanajulikana mbali. Kundi moja, ambalo baadhi ya aina zake huishi Amani na Lushoto, lilipewa mwaka 2006 jina la kisayansi la Kinyongia, kutokana na neno letu wenyewe. Wengi walisafirishwa kwenda kufugwa Ulaya na Marekani, mpaka Serikali ya Tanzania iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016. Katika nchi hizo baridi mnyama hufungiwa ndani miezi mingi, na kwa hiyo vitabu vya huko humwambia msomaji anunue taa. Agizo hilo lina maana huko. Kwetu sisi, swali la kwanza ni mahali pa kumweka mnyama. Kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, Unguja, ambao wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, huishi nje bila taa yoyote.

Hata hivyo jua nalo lina kiasi chake. Mnyama apewe jua na kivuli pamoja, ili achague mwenyewe. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kinyonga wa Madagaska aliyepungukiwa na vitamini D katika chakula alijianika zaidi kuliko yule aliyeipata ya kutosha. Tena mahitaji hutofautiana. Kinyonga wa vichaka vya mwambao huzoea jua kuliko yule mdogo mwenye mkia mfupi aishiye kwenye majani makavu chini ya msitu wa Usambara.

4. Ikiwa taa haiepukiki

Pengine mnyama mgonjwa hana budi kukaa ndani. Hapo mwalimu azingatie mambo haya:

(a) Balbu ya kawaida hutoa mwangaza na joto tu. Taa ya kukagulia noti za fedha hutoa fungu A, ambalo halitengenezi vitamini D.

(b) Taa ya kuulia vijidudu, itumikayo hospitalini na katika kusafisha maji, hutoa fungu C. Huunguza macho na ngozi za mnyama na za watoto. Isiingizwe darasani kamwe.

(c) Inunuliwe taa iliyotengenezwa kwa ajili ya reptilia, na umbali ulioandikwa na mtengenezaji ufuatwe. Hata hizo zikaguliwe: katika miaka ya 2000 baadhi yake zilidhuru macho ya wanyama kwa kutoa mawimbi mafupi kuliko ya jua. Mnyama akifumba macho au yakivimba, taa izimwe mara moja.

(d) Taa iwe juu ya mnyama, si ubavuni, isipitie kioo, na iwepo sehemu ya kivuli. Iwashwe kwa muda wa saa kumi na mbili mchana na kuzimwa usiku.

(e) Nguvu ya fungu B hupungua kadiri taa inavyotumika, ingawa mng'ao hauonekani kupungua. Ibadilishwe kwa muda uliotajwa na mtengenezaji.

5. Namna ya kufundisha

Somo bora halihitaji kumfungia mnyama. Kwanza, wanafunzi wapimane vivuli uwanjani saa mbili, saa nne na saa sita. Kivuli kirefu kuliko mtu ni dalili kwamba fungu B ni hafifu. Kikiwa kifupi kuliko mtu, lina nguvu. Kwetu mabadiliko hayo hutokea baina ya saa tatu na saa nne asubuhi. Pili, wamtazame kinyonga kichakani asubuhi bila kumshika. Wataona hugeuza ubavu kulielekea jua na rangi yake hukoza. Joto likizidi, huingia kivulini. Waandike saa na alichokifanya. Tatu, mwalimu aulize: kwa nini mtoto hukuzwa na jua, lakini hukatazwa kukaa juani mchana kutwa? Jibu la kinyonga na la mtoto ni moja.

Mwisho, mwalimu akumbuke kwamba Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kukamata wanyamapori bila kibali. Amwone afisa wanyamapori wa wilaya kwanza. Na katika sehemu nyingi ambako kinyonga huogopwa na kupigwa mawe, kumwacha kichakani na kumtazama kwa utulivu ni somo kubwa pia.