Roboti: Asili ya Neno na Uasi Uliomo Ndani Yake

Neno roboti limekwisha kuingia katika Kiswahili, nalo hutumika kwa mashine ifanyayo kazi ambayo zamani ilifanywa na mkono wa mtu. Wengi walitumiao hudhani kuwa ni neno la Kiingereza kwa asili. Sivyo. Kiingereza nacho kililiazima kutoka lugha ya Kicheki, isemwayo Bohemia, katika Ulaya ya kati. Na huko kwao halikuwa jina la mashine hata kidogo. Lilizaliwa katika mchezo wa kuigiza uliotungwa na Karel Čapek mwaka wa 1920, mchezo uelezao jinsi watumwa wa kutengenezwa walivyowaasi mabwana wao.

Mzizi wa neno hilo ni robota, ambalo kwa Kicheki ni kazi ya lazima isiyo na malipo ambayo mkulima aliwajibika kumfanyia bwana mwenye ardhi. Kiswahili kina neno lililo karibu sana na hilo, nalo ni shokoa. Shokoa si msaragambo wala si ujima, kwa kuwa katika ujima jirani humsaidia jirani akijua kwamba kesho naye atasaidiwa; bali katika shokoa mmoja hutumika na mwingine hutumikiwa, wala zamu haibadiliki. Wakulima wa Bohemia waliasi mwaka wa 1775, wakaandamana kuelekea Prague, wakatawanywa na askari. Mwaka huo huo ilitolewa amri ya kuwekea robota mipaka, kwamba isizidi siku 3 kwa juma; lakini desturi yenyewe haikufutwa mpaka mwaka wa 1848. Kwa hiyo Čapek alipoandika, umri wa wazee wawili haukuwa umepita tangu watu wa nchi yake waachiliwe, na neno lilikuwa bado na uchungu wake.

Hata hivyo si yeye aliyelibuni. Alieleza baadaye kuwa alitaka kuwaita watumishi wake kwa jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya kazi, lakini halikumpendeza. Ndugu yake Josef, aliyekuwa mchoraji, ndiye aliyemshauri awaite roboti. Mchezo ulionyeshwa katika Jumba la Taifa la michezo mjini Prague tarehe 25 Januari 1921, na baada ya miaka michache ulikuwa umekwisha kutafsiriwa katika lugha nyingi. Jina lake ni R.U.R., herufi za kampuni iliyobuniwa na mtungaji, kampuni ya Rossum ya kutengeneza roboti wa kila kazi. Na jina Rossum lenyewe limefanyizwa kutokana na neno la Kicheki lenye maana ya akili.

Roboti wa Čapek hawakuwa wa chuma. Walikuwa na nyama na mishipa iliyotengenezwa katika kiwanda kilichokuwa kisiwani, na kwa sura hawakutofautiana na watu. Mzee Rossum alitaka kuumba mtu kamili ili kuonyesha kuwa Mungu hahitajiwi. Rossum kijana, aliyekuwa mhandisi, hakujali jambo hilo. Alitazama hesabu tu. Akaondoa katika mwili na moyo kila kisichosaidia kazi, kwa hoja kwamba mfanyakazi aliye bora ni yule aliye rahisi kununuliwa, na aliye rahisi ni yule asiye na haja nyingi. Baadaye ilionekana kuwa roboti, kwa kutosikia maumivu, huharibu mikono yao katika mitambo. Basi wakubwa wa kiwanda wakaona yafaa wapewe maumivu. Hawakuwapa furaha, maana furaha haikuwa na faida katika hesabu.

Hapa pana jambo ambalo msomaji wa Kiswahili aweza kulitambua upesi kuliko wengine. Sarufi ya Kiswahili humlazimu msemaji kuamua, kila atajapo jina, kama alitajalo lina uhai au halina. Husema kisu kimeanguka, lakini husema kipofu ameanguka, ingawa majina yote mawili huanza kwa ki-. Mbwa naye hupewa a-, sawasawa na mfalme. Upatanisho huo haujui cheo. Wajua uhai tu. Hata mtumwa, aliyeuzwa sokoni kama bidhaa, hakuondolewa katika ngeli ya watu. Aliyemwita mali yake alilazimika kusema mtumwa amelala. Je, ni sawa kusema roboti imekufa au roboti amekufa? Kwa mashine za leo swali hilo ni la wanasarufi. Katika mchezo wa Čapek ndilo swali ambalo damu ilimwagika kwa ajili yake.

Domin, mkurugenzi wa kiwanda, angesema imeharibika. Helena, binti wa rais, aliyefika kisiwani kuwatetea roboti, angesema ameumia. Alipokutana na Sulla, karani wa kiwanda, Helena hakusadiki kwamba si mwanamke kama yeye. Kisha akakutana na wakubwa wa kiwanda, akawadhania kuwa roboti, akaanza kuwahimiza wadai haki zao. Mtungaji amelifanya jambo hili la kuchekesha, lakini hoja yake ni nzito: tabaka lililodai kuwa bora kwa maumbile halikuweza kutambulikana kwa macho. Tena mara kwa mara roboti alishikwa na ghadhabu, akatupa alichokishika na kusaga meno. Wenye kiwanda waliuita ugonjwa huo kasoro ya kazi, wakampeleka mgonjwa kusagwa. Helena alisema kuwa hiyo ni roho.

Uasi wenyewe haukutoka kwa huruma ya Helena peke yake, ingawa kwa ombi lake daktari wa kiwanda aliwabadilisha roboti wachache. Wafanyakazi wa Amerika walipovunja roboti waliowanyang'anya kazi, roboti walipewa silaha. Kisha serikali zikawatumia vitani. Waliofundishwa kuua kwa amri hawakukawia kuua bila amri. Domin naye hakuona dawa ila kuwagawanya: kila nchi itengeneze roboti wake, wenye rangi na lugha mbalimbali, ili wachukiane wao kwa wao wasipate kuungana. Hila hiyo si ngeni kwa watu waliopata kutawaliwa. Lakini alichelewa.

Kiongozi wa uasi, Radius, alikuwa msomi wa maktaba. Hakusema kuwa mabwana waondoke duniani. Alisema hataki bwana juu yake, bali yeye awe bwana wa watu. Na hapo ndipo udhaifu wa ushindi wake. Nguvu ya tabaka la mabwana ilikuwa katika karatasi za Rossum zilizoandikwa siri ya kuwaumba roboti, na Helena alikuwa amekwisha kuzichoma, kwa kuwa wanadamu wenyewe, kwa kukosa kazi, walikuwa wameacha kuzaa. Roboti waliua wote, wakaupata ulimwengu. Ila hawakuweza kuzaana, na walioijua siri walikuwa maiti. Aliyesalimika ni Alquist, fundi wa majenzi, kwa sababu moja tu: roboti waliona kuwa anafanya kazi kwa mikono yake kama wao. Lakini fundi wa majengo hakujua kuumba uhai.

Mwisho ni mfupi. Roboti wawili, Primus na mwenziwe aitwaye Helena, walitakiwa mmoja wao apasuliwe ili siri itafutwe mwilini mwake. Kila mmoja akajitoa badala ya mwenzake. Alquist aliwaacha waende zao, kwa kuwa aliyekubali kufa kwa ajili ya mwingine hakuwa tena kitu cha kutengenezwa. Radius alipata utawala, wala utu wake haukuzidi kwa hilo. Wawili hawa hawakupata utawala wowote.

Zaidi ya miaka 100 imepita, na neno limesafiri mbali bila hadithi yake. Lilipofika katika Kiswahili lilikuwa limekwisha kuwa jina la chuma, nalo hufuata ngeli ya vitu bila kuleta ubishi. Lakini yafaa mwenye kufundisha lugha akumbuke kuwa lilianza kwa mkulima aliyeinama katika shamba lisilo lake. Kila litamkwapo, jina la shokoa hutajwa, ijapokuwa msemaji hana habari.