Kilo za Mkulima: Triga au Prosija?

Chama cha msingi cha wakulima wa alizeti huko Iramba au Mkalama kinapoagiza programu ya ghala, huuliza kwanza bei ya kompyuta na ya intaneti. Kuna swali zito zaidi: salio la kilo za kila mkulima litatunzwa na triga au na prosija? Likikosewa, anayepunjwa ni mkulima. Leseni haileti tofauti, kwa kuwa programu za kanzidata kama PostgreSQL na toleo la jamii la MySQL ni bure na zote zina njia hizo mbili. Gharama huja baadaye, kwenye ufundi.

Triga ni amri inayokaa ndani ya kanzidata na kujiendesha yenyewe data inapobadilika. Mzigo ukipokewa, ukirekebishwa au ukifutwa, salio hubadilika papo hapo, awe ni karani wa mizani aliyeingiza au fundi aliyeandika amri kwa mkono. Lakini haionekani kwa urahisi: fundi mpya anaweza kukagua programu nzima asijue ni nini kinachogusa salio. Tena ukipakia mapokezi ya msimu mzima kutoka Excel, MySQL huiamsha triga kwa kila mstari. PostgreSQL inaweza kuiamsha mara moja kwa amri nzima. SQL Server hufanya hivyo siku zote, na triga iliyoandikwa kwa kudhani mstari ni mmoja huacha jumla mbovu bila onyo lolote.

Prosija nayo ni amri zilizohifadhiwa humo humo, ila husubiri kuitwa. Ni rahisi kuisoma na kuijaribu, ila anayeandika moja kwa moja kwenye jedwali huliacha salio likiwa lile la jana. Dawa haina bei: wanyime watumiaji ruhusa ya kuandika jedwalini, waachie ya kuiita prosija tu.

Uzito halisi, yaani wa mizani ukitoa wa magunia, hauhitaji triga wala prosija. Safuwima ya kukokotolewa (MySQL tangu toleo la 5.7 la 2015, PostgreSQL tangu la 12 la 2019) hujikokotoa yenyewe, mradi isitegemee mistari mingine.

Kwa ghala ambalo makarani hubadilika kila msimu, salio ningeliwekea triga. Malipo na makato ya mwisho wa msimu ningeyaachia prosija, maana kazi hiyo lazima mtu aianzishe akiitazama, na kosa likitokea yote yarudishwe yalivyokuwa. Kabla ya kulipa fedha ya mwisho, mwambieni fundi afute mzigo mmoja wa majaribio mbele yenu, kisha fungueni salio la mwenye mzigo.