Daktari Asiyefika Tanga: Jicho la Msimulizi katika Kitabu cha Vita

Kitabu hiki nilikichukua kwa sababu ya jina tu. Mimi ni mzaliwa wa Korogwe, na mtu wa Korogwe akiona neno Tanga juu ya jalada hapiti hivi hivi. Kinaitwa Marching on Tanga, kilitoka 1917, na mwandishi wake ni Mwingereza Francis Brett Young. Huyu alikuwa daktari wa jeshi. Mwaka 1916 alifuatana na askari wa Rhodesia, chini ya Jenerali Smuts, kutoka upande wa Kilimanjaro kuteremka na mto Pangani.

Sasa, ndugu msomaji, hebu itafute hiyo Tanga. Huipati! Mwezi Juni kikosi kikuu kiliiacha reli, kikakata kusini kuelekea Handeni. Tanga ilitwaliwa na wengine mwezi Julai.

Rafiki yangu mmoja tuliyebishana naye bwenini alidai kwamba jina hilo ni udanganyifu wa kibiashara. Sikubaliani naye. Novemba 1914 Waingereza walijaribu kuiteka Tanga kutoka baharini, wakapigwa vibaya na von Lettow-Vorbeck. Kwa hiyo msomaji wao wa 1917 alipoliona jina hilo alitegemea kisasi. Anachopewa ni njia, vumbi, kichaka na homa. Kejeli ya kitabu inaanzia hapo jaladani.

Lakini linalonivutia zaidi ni nafasi ya msimulizi. Tumezoea tenzi za vita, ambamo mtunzi husimama juu kama aliye mlimani na kuona majeshi yote mawili. Shaaban Robert katika Utenzi wa Vita vya Uhuru anaitazama dunia nzima kwa namna hiyo. Daktari hana mlima. Yuko nyuma kidogo ya mstari wa mbele, karibu kiasi cha kusikia bunduki, mbali kiasi cha kutojua nani anampiga nani. Vita vinamfikia juu ya machela. Kwake pambano ni sauti kwanza, halafu kusubiri, halafu mwili wa mtu. Hata adui mara nyingi haonekani, ni kichaka tu kinachofyatua risasi. Ndiyo maana maelezo ya mandhari ni mengi mno, milima ya Pare, mto, miti ya miiba. Wapo watakaosema anapamba. Mimi naona kwamba mtu anayesubiri majeruhi hana kingine cha kutazama.

Na wengi waliomfikia daktari wa vita vile hawakuwa na jeraha lolote. Malaria na kuhara damu viliangusha askari wengi kuliko risasi, farasi nao wakamalizwa na mbung'o. Mwandishi mwenyewe hakupona. Mwaka 1918 aliondolewa jeshini kwa ugonjwa na hakuweza tena kufanya kazi ya udaktari, akabaki na kalamu.

Hapo ndipo ugomvi wangu naye unapoanza. Jicho hili linaloujua mwili wa askari kwa karibu hivyo, mbona likifika kwa mpagazi linapungua nguvu? Wapagazi wanapita kurasani kama kundi, mzigo kichwani, na mara nyingi wanakuwa sehemu ya mandhari. Kumbe wao ndio waliokufa zaidi. Hesabu za Waingereza wenyewe zinataja zaidi ya 40,000 katika vita vyote vya Afrika Mashariki, wengi kwa maradhi, yaani hasa jambo ambalo daktari alipaswa kuliona kuliko mtu yeyote. Sisi hapa Dar es Salaam tunanunua nyanya Kariakoo, jina lililotokana na kikosi chao, Carrier Corps, na wengi hatujui.

Msinielewe vibaya, simtaki Mwingereza wa 1917 awe mwanafunzi wa Mlimani. Ninachopima ni kitabu kwa kipimo chake chenyewe. Msimulizi aliyekubali kuona vita kupitia wagonjwa amejifunga kuwaona wagonjwa wote.

Mwaka 1930 aliirudia safari hiyo hiyo katika riwaya ndefu, Jim Redlake. Bado naitafuta. Nikiipata, nitaanza na kurasa za wapagazi, kama zipo, halafu ndipo nirudi mwanzo.